Vidonge vya Bibi Harusi

Siku ya kwanza kazini, pale Kibondo, sikupewa dawa. Nilipewa fagio. Mwenye duka alikuwa mganga mstaafu wa zahanati, mzee mkali asiyependa vumbi, na duka lake lilikuwa la dawa baridi, kama maduka hayo yalivyoitwa kabla hayajawa maduka ya dawa muhimu. Nilipomaliza kufagia akaniita kaunta.

"Mteja atakuja na jina la dawa mdomoni. Wewe muulize kwanza anaumwa nini. Umesikia, mwanangu?"

"Ego," nikaitikia kwa Kiha chetu. Nyie mnaotoka vyuoni na makoti meupe chekeni tu, lakini mimi nilianzia hapo.

Hapo ndipo nilipoijua deksamethasoni, ambayo sote tuliita deksa. Mrina asali mmoja aliletwa kaumwa na nyuki, uso umevimba mpaka macho yamefungika, koo linakoroma. Mganga akamchoma sindano ya deksa, tukampakia kwenye pikipiki, na hospitali alifika anapumua. Niliipenda dawa ile, sioni haya kusema. Mganga aliniona ninavyoishikashika chupa yake.

"Usiipende sana," akasema. "Mtu akiimeza muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza ya kwake. Huyo humwachishi ghafla. Daktari anampunguzia kidogo kidogo, la sivyo anaanguka."

Alipofunga duka kwa uzee nikahamia Makere, Kasulu, kwa mwajiri mwingine, mama ambaye dawa hakuzijua ila biashara aliijua vilivyo. Huko deksa ilikuwa na kazi nyingine kabisa: kunenepesha. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wapo waliokuwa wakiimeza wapate mashavu, na wasichana wetu wakaiga. Kwetu pale bibi harusi aliwekwa ndani kabla ya ndoa, halimi wala hachoti maji, kazi yake kula. Akitoka amekonda, wakwe wanasema kwao kuna njaa. Sasa asiyenenepa afanyeje? Alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma.

Kwa sheria deksa ilitaka cheti cha daktari. Nilipomkumbusha mwajiri wangu, alinicheka.

"Wakikosa hapa watanunua mnadani, kwenye beseni, kwa mtu asiyejua hata kusoma tarehe. Wewe angalau unajua dozi."

Alisema kweli, na hapo ndipo penye ubaya. Nikauza.

Yolanda alikuwa mmoja wao. Wazazi wake walitoka Burundi, wakapata uraia, na walikuwa wakulima wa maharage. Binti mwembamba, mcheshi, anayenitania kwamba mimi mwenyewe naila deksa kwa siri. Alimeza kwa miezi, uso ukawa mviringo, mama yake akafurahi bila kujua chochote. Kisha Mfamasia wa Wilaya akaja kukagua. Hakupaza sauti, alisema tu, "Bila cheti, usitoe hata kidonge kimoja." Tangu siku ile nikageuka mlokole, deksa bila cheti sitoi.

Yolanda akaja kwangu. "Mama, nipatie za mwisho tu. Harusi imekaribia."

"Sitoi. Umenenepa vya kutosha, nenda."

Akaondoka analia. Sikumwambia aende kwa daktari apunguziwe. Nilijua, yoo, nilijua! Lakini nilikuwa nimejiona mtu safi, na jioni ile kwenye kwaya niliimba kuwashinda wote.

Siku chache baadaye wakwe walikuja kumwona mwali. Alikuwa ametapika tangu asubuhi, magoti hayana nguvu, na alipoinama kuwasalimu akaanguka. Wakambeba mpaka zahanati, mimi nikakimbia nyuma yao. Chumba kilijaa: mama yake, wakwe, majirani. Daktari alikuwa akitundika dripu ya malaria. Yolanda akanitazama, akatikisa kichwa kidogo. Nilimwelewa. Nikinyamaza, atakufa. Nikisema, ndoa hakuna.

"Si malaria!" nikapiga kelele. "Alikuwa anameza deksa anenepe! Mimi nilimkatalia!"

Daktari akabadilisha dawa, akamchoma sindano ya jamii ileile ya deksa. Kufikia jioni binti alikuwa anaongea. Wakwe walikuwa wameshaondoka. Shangazi wa bwana harusi alisema mlangoni, "Tumeoneshwa unene wa dukani," na ndoa ikafa hapohapo.

Sasa nimestaafu. Makere watu bado wananisifu kwamba nilimwokoa mtoto wa watu, mficha uchi hazai, na mimi nilizoea kuitikia. Mwaka huu Yolanda alikuja kunisalimu. Nikampa uji, tukazungumza habari za mvua, kisha akasema taratibu:

"Mama, nashukuru nipo hai. Lakini daktari alikuwa amesimama karibu yako. Ungemnong'oneza. Kwa nini ulipiga kelele?"

Nilitaka kusema nilichanganyikiwa. Ulimi ukakataa.

"Nilitaka wote wasikie kwamba mimi nilikataa kukuuzia," nikamwambia.

Alimaliza uji wake, akaosha kikombe, akapiga goti kuniaga kama binti anavyomuaga mama yake, akaenda.