Sanda ya Bibi Ndani ya Mto

Wakati wa vita vya pili vya dunia nguo zilikuwa kwa mgao. Sie wa Temeke tuliambiwa serikali imepanga kila kitu: vitambaa vipo tele, kila nyumba itapata fungu lake, na anayeficha nguo ndani anamsaidia adui. Maneno hayo yalikuja na gari la sinema. Wakatundika shuka jeupe uwanjani, tukaonyeshwa duka limejaa majora ya vitambaa mpaka darini. Watu wakapiga makofi. Mama yangu hakupiga. Aliniambia, "Aliyeshiba hapigi mbiu kwamba kashiba."

Kesho yake wanawake walijipanga kwa yule Mwarabu mwenye duka. Rafu tupu.

"Shehe, mbona jana tumeyaona majora?" mmoja akamuuliza.

"Basi kanunue kulekule sinemani, bibie. Mie nimeletewa maneno tu."

Kwetu haikuwa shida ya nguo ya kuvaa. Bibi, mama yake mama, alikuwa kitandani, na bafta, kitambaa cheupe cha sanda yake, alikwishainunua mwenyewe kabla ya vita, kama wazee wa pwani walivyofanyaga. Hofu yake ilikuwa moja, asije akazikwa na gunia. Tulisikia yupo aliyezikwa hivyo huko Chamazi. Sikumwona, lakini siku zile niliamini uvumi kuliko kipaza sauti cha lile gari la sinema.

Jumbe wa mtaa akaanza kupita nyumba kwa nyumba kutafuta nguo zilizofichwa. Mama akaikunja ile bafta, akaizungushia usumba wa nazi, akaishonea ndani ya foronya kuukuu ikawa mto, akamwekea bibi chini ya kichwa. Jumbe aliingia, akafungua kasha, akainama kuchungulia uvunguni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ukimaliza uvungu, nipe maji."

Akampa, akaondoka.

Bibi alikufa kabla ya mvua. Wanawake wakafumua mto, wakamkosha, wakamvisha sanda yake. Mazikoni jumbe alisimama karibu kabisa na kaburi. Aliitazama ile sanda nyeupe, kisha akashika jembe akafukia na wengine. Tulipokwisha kuanua matanga akaja peke yake, akakaa kizingitini.

"Dada, hakikubaki kipande? Mama yangu hali yake mbaya."

"Umetumwa?"

"Sikutumwa."

Mama alimkazia macho. Bafta kweli ilikuwa imekwisha, lakini hata jibu hilo aliliogopa. Ukisema imekwisha, umekiri ilikuwepo. Akamwambia, "Kipande cha nini?"