Baiskeli ya Muuzaji Bora wa Isangi

Niliondoka Kisangani kwa sababu moto wa kiwanda changu cha sabuni ulizimika juma zima. Mawese hayakufika. Sikupita darasa la pili, lakini najua sabuni haitoki kwenye sufuria kavu.

Ununuzi nilikuwa nimemwachia Citoyen Lisasi, bwana mwenye diploma na kitabu juu ya kampuni fulani ya Ulaya iliyofaulu sana. Huyo nikashuka naye mto.

Asubuhi, ndani ya masua, nilimuuliza aliwafanyia nini watu wa Isangi wanaotuuzia mawese.

“Niliwapa motisha, Papa. Baiskeli kwa muuzaji bora. Ile kampuni inafanya hivyo kila mwaka.”

“Na mafuta yako wapi?”

Akafungua kitabu. Alikifunua mpaka tukafika.

Isangi, saa nane mchana, hakuna aliyetupa kiti. Baiskeli ilisimama mbele ya nyumba ya Papa Likenge, kuku wamelala juu yake.

“Unitolee hii kitu,” alisema Likenge. “Bibi yangu akiomba moto kwa jirani, wanamunyima.”

Mama Bolumbu, mkubwa wa wakamuaji, akamwangalia Lisasi kuanzia viatu mpaka kola ya suti yake ya abakosti.

“Sisi tunakamua kwa zamu. Leo wote tunakamua ya huyu, kesho ya yule. Siku ulikuja kuhesabu mapipa, zamu ilikuwa ya Likenge. Jasho ilikuwa yake peke yake? Bon, akamue peke yake.”

“Tunaweza kununua baiskeli saba, moja kwa kila nyumba,” alisema Lisasi.

Wanawake walicheka hata mmoja akakaa chini. Mimi nilimwambia anyamaze, nikaomba msamaha, maana yeye nilimtuma mimi.

Kesho yake, alfajiri, nilivua shati nikashika mti wa kukamulia wa Likenge.

“Vua viatu, Citoyen,” nikasema.

Tulisukuma wazee wawili na diploma moja. Jua lilipopanda, Mama Bolumbu alikuja na kikapu cha ngazi, matunda ya mchikichi, akashika mti. Nyuma yake wakaja wengine. Bibi ya Likenge alikimbia kuteka maji ya wote.

Tulirudi na mapipa, na baiskeli. Kampuni ile ya kitabu ilifaulu kwa watu ambao kila mmoja anakamua ya kwake; wabaki na desturi yao. Karibu na Kisangani, Lisasi, viganja vimechubuka, alitoa kalamu.

“Papa, kwenye ripoti niandike nani alikamua zaidi?”

Nikamnyang’anya kalamu.