Beringi Kwenye Friza ya Mama Rehema

Harufu ya grisi ikikutana na ya ubuyu, hujiona niko tena kwenye ua wetu wa Temeke, nina miaka kumi, na mdogo wangu Tausi ana miezi saba. Tausi alizaliwa nyayo zake zimepinda kwa ndani. Hospitalini walimfunga plasta miguu yote miwili, wakasema arudishwe kila Jumatatu ili plasta ifunguliwe, nyayo zinyooshwe kidogo, kisha afungwe nyingine. Tusiruke hata wiki moja, walisema, la sivyo nyayo zitaanza kurudi zilikotoka. Mama alijaribu daladala mara moja tu, plasta ikapasuka kwenye msukumano wa mlangoni. Tangu siku hiyo Baba, aliyekuwa dereva wa bodaboda, kila Jumatatu alfajiri aliwabeba wao kwanza kabla ya abiria yeyote.

Jumamosi moja pikipiki ilirudi nyumbani inalia. Tairi la mbele lilisaga kama linatafuna mchanga. Baba alilishika juu na chini, akalitikisa, likacheza. "Beringi zimekwisha," alimwambia Mama. "Simpakizi mtoto kwenye tairi hili." Fundi wake alikuwa amesafiri kwenda msibani, kwa hiyo Baba alinunua beringi mbili mpya, akasema kesho yake atazifunga mwenyewe. Alikuwa amemtazama fundi akifanya kazi hiyo mara nyingi, ingawa mikono yake haikuwahi kuigusa.

Asubuhi ya Jumapili alinipa zile beringi, ziking'aa kama bangili. "Hawa, zipeleke kwenye friza ya Mama Rehema zipate baridi kali. Chuma kikipoa sana hunywea, kitaingia bila kupigwa sana." Mama Rehema alikuwa jirani yetu, akiuza barafu za ubuyu na ukwaju, na mimi ndiye niliyemsaidia kujaza vifuko na kuvifunga mafundo kila nikitoka shule. Katika friza ile sikuwahi kuona kitu kikavu. Nilitaka kumuuliza Baba kama chuma kitupu kinaweza kushika baridi, lakini nilikuwa mtoto ambaye maneno humfika kooni yakakaa hapo hapo. Basi nikatumia akili yangu. Nilitia kila beringi kwenye kifuko, nikajaza maji, nikafunga fundo zuri kuliko yote niliyowahi kufunga.

"Shikamoo," nilisema mlangoni.

"Marahaba. Leo umeleta maneno, Hawa, au umeleta mikono tu?" Nilinyoosha mikono. Alicheka, akanifungulia friza, akarudi kwenye sufuria yake ya ubuyu.

Baba aliinua pikipiki juu ya kreti la soda, akatoa tairi, akapitisha kipande cha nondo katikati na kuzigonga beringi za zamani kutokea ndani. Ya kwanza ilitoka na kutu yake, ya pili ikafuata, na vitu vingine vikadondoka kwenye gunia lililotandikwa chini. Saa sita Mama alibandua maji ya moto, akaloweka kitambaa, akakizungushia kitovu cha tairi ili kitanuke. "Lete beringi!" Baba aliniita. Lakini aliyekuja ni Mama Rehema mwenyewe, ameshika vifuko viwili vigumu kama mawe.

"Baba Hawa, hii ladha mpya ya chuma niiuze bei gani?"

Baba alivitazama vifuko, akanitazama mimi. Nilijua nimeharibu. Nilimwona Tausi kwenye khanga yake chini ya kivuli cha ukuta, nikaona Jumatatu inatupita kwa sababu yangu. Mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, fundo lenyewe umelikaza kweli!" Aliyeyusha barafu, akaosha beringi kwa mafuta ya taa ili maji yasizitie kutu, akazifuta, akazianika juani, akazipaka grisi upya. Safari hii zilikwenda friza ndani ya kopo kavu la maziwa, nasi tukakaa kusubiri.

Katika kusubiri huko ndipo niliposikia, ko, ko, ko. Tausi alikuwa anagonga plasta yake kwa kibomba kifupi cha chuma, anafurahia sauti. Nilikitambua. Kilidondoka kutoka katikati ya tairi, kati ya beringi mbili, kikabiringika hadi kwenye khanga yake. Baba alikuwa amekaa anajifuta mikono, hakitafuti hata kidogo. Maneno yalinifika kooni, yakasimama. Nikaitazama miguu ile miwili myeupe.

"Baba, anachochezea Tausi kimetoka kwenye tairi."

Alikichukua, akakigeuza. Kicheko kilimpotea usoni. "Bushi," alisema polepole. "Ningezigonga beringi zote mbili bila hii ya kuzitenganisha, tairi lingekaza, na mpya zingekufa humo humo." Alimtazama Mama. "Barafu ya huyu imetuokoa; bila kuchelewa ningeshazifunga."

Alasiri ile beringi ziliingia, bushi ikiwa kati yake, kila moja ikigongwa pembezoni kupitia beringi kuukuu iliyowekwa juu yake. Tairi lilizunguka bila sauti, Jumatatu Tausi akafika hospitali, na Jumatatu zote zilizofuata.

Sasa sisi wenyewe tuna friza, nami hubadilisha beringi za pikipiki za watu uani pale pale. Bado naona haya mbele ya wateja, na bado kopo ni lile lile la maziwa. Baba amezeeka kidogo, lakini kabla sijafunga tairi lolote huja akasimama, akaniuliza kama nina la kusema, na husubiri mpaka nijibu. Nyuma yetu Tausi huruka kamba na wenzake, na miguu yake ikigonga ardhi mimi husikia ko, ko, ko, nikaendelea na kazi.