Siku Niliyopeleka Posa Nikinuka

Jamani, chekeni, ila yaishie hapa hapa. Kuna nyumba moja Machame ambako mpaka leo mama mkwe akiniona ananinusa kwanza, ndipo anaitikia shikamoo.

Mnajua ugonjwa wangu ni ndege, na ndege wa Moshi hawana adabu, wanapenda mabwawa ya majitaka kuliko mlima wote huu tunaojivunia. Baba yake Neema, mchumba wangu, alishasema wazi kwamba binti yake haolewi na mtu anayeshinda chooni kuangalia ndege. Neema akambembeleza weee, mzee akalainika, akatupa Jumamosi tupeleke posa.

Siku yenyewe sasa, mimi na baba mdogo (ndiye msemaji wetu), mbege, ile pombe yetu ya ndizi, nyuma ya pikapu, suti mpya mwilini, nikasema tupitie mabwawani kidogo tu. Kidogo tu! Nikamwona kitwitwi anatembea katikati ya bwawa, juu pamekauka na kupasukapasuka, nikajiambia anapotembea ndege ni nchi kavu (akili gani hizo!), nikamfuata na darubini yangu, nanyata, nanyata, lo, ule ukoko ukaachia nikazama mpaka kifuani. Kitwitwi akaruka zake. Baba mdogo akanivuta kwa mti huku amegeuza uso.

"Turudi nyumbani," nikamwambia, karibu nalia.

"Turudi tukaseme nini? Wazee wa watu wanangoja. Panda nyuma, na ukae mbali na mbege!"

Tulipofika nikachuma jani la isale kwenye ua wao, maana kwetu ukimwomba mtu msamaha kwa isale si rahisi akukatalie, nikapiga magoti palepale getini, natiririka, nzi wamenisindikiza. Ukoo mzima umeziba pua. Neema kashika kichwa. Mzee akanitazama, akalitazama jani, nikajua mke sina.

"Shikamoo baba. Nisamehe."

Mzee akasema, "Marahaba. Lakini huyo ndege, ulimwona?"

"Nilimwona, baba."

"Afadhali." Akalipokea jani kwa vidole viwili. "Neema, mpeleke mwenzio bombani, kule kwa ng'ombe."

Posa yangu niliikalia nimejifunga khanga ya mama mkwe, wajomba wanacheka mpaka mbege inawapalia, na Neema nikapewa.

Mabwawani bado naenda, siwadanganyi, ila naapa sikanyagi tena anapokanyaga ndege. Na buti ninazovaa kule alininunulia mzee mwenyewe.