Nailoni ya Kiti cha Nyuma

Juzi nilikwenda Mwanakwerekwe kutafuta vifuniko vya viti vya gari. Wanangu wawili wameshakipaka kiti cha nyuma maembe, ukwaju na kalamu za rangi. Muuzaji akanikunjulia cha nailoni, kizito, kinang'aa, na harufu yake iliponifika puani nikasimama kama niliyeitwa jina.

Baba yangu alikuwa mwalimu, na gari lake alilipata baada ya miaka mingi ya baiskeli. Viti vilikuwa vya kitambaa, rangi ya maziwa, naye akakifunika kile cha nyuma kwa nailoni kwa ajili yetu. Kila Ijumaa baada ya sala tulitoka Chukwani kwenda Bububu kwa bibi, mimi na mdogo wangu nyuma, mapaja yamenata kwa joto. Ukijiinua unasikia ngozi inabanduka. Kabla ya kupanda, tukung'ute mchanga miguuni. Kula ndani, marufuku. Bibi akitufungia vitumbua vya moto tulivipakata hadi nyumbani, gari zima linanukia iliki, na baba anatutazama kwenye kioo.

Ijumaa moja mdogo wangu, mtoto wa miaka mitano, alishikwa na homa kule kule kwa bibi. Mama akakaa nasi nyuma, baba akakanyaga mafuta kuelekea hospitali mjini. Njiani mtoto akainama ghafla. Mama alipomwinua, tukaona amelikusanya gauni lake mapajani, amelikunja kama bakuli, na matapishi yote yamo humo. Hata tone halikugusa kiti.

"Baba," akasema, anatetemeka, "sijachafua."

Baba akaegesha gari pembeni. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga magoti vumbini na kanzu yake ya Ijumaa, akamvua lile gauni taratibu, akamfuta mdomo kwa mkono wa kanzu.

"Tapika popote, mwanangu," alimwambia. "Popote utakapo." Sikuwahi kumuona vile.

Mdogo wangu alilazwa siku tatu, akapona. Siku tuliyomfuata hospitali, nailoni haikuwepo tena. Baba akasimama njiani, akanunua maembe yaliyoiva, akatupitishia nyuma. Tulianza kula kwa hofu, tukitazama kioo, kisha tukasahau. Maji ya embe yakatuteremka hadi viwikoni, yakadondoka. Mama akataka kusema neno.

"Waache," baba akasema.

Gari lile liliuzwa zamani. Baba ametangulia mbele ya haki, na pale penye nyumba ya bibi Bububu siku hizi pana ghorofa, hata ule ua aliokuwa akipikia sijui ulikuwa upande gani. Mdogo wangu yuko Maskati, ana watoto wake. Jioni ile niliporudi kutoka Mwanakwerekwe nilimpigia simu nikamsimulia yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Homa haikumbuki, wala gauni, wala woga.

"Mimi nnachokumbuka," akasema, "ni kuwa baba alikuwa akipenda kutuona tunakula."