Seli za Mama Costancia

Kijijini Tindiga hakuna aliyeiendesha pawatila, lile trekta dogo la kushikwa kwa mikono, kama Beda. Wenzake wakiwa bado wanasubiri maji ya majaruba ya mpunga yapungue, yeye alikwisha lipindua tope na kuhamia kwa jirani. Ni pawatila hiyohiyo iliyompindukia ukingoni mwa mfereji ikamvunja mguu wa kulia, chini ya goti.

Akafungwa hogo la plasta. Akawekewa vyuma. Mvua zikaja, zikaenda, zikaja tena, na mfupa ukakataa kuunga. Beda akawa mtu wa magongo, anakaa juu ya tuta kumwelekeza mkewe Magreti, ambaye hakuhitaji kuelekezwa.

"Hebu nyamaza, baba," Magreti alimwambia. "Hata ndege wamehama kwa hotuba zako."

Alicheka. Lakini magongo na tope havipatani, na mtu wa Tindiga asiyeingia jarubani ni mgeni kwao.

Ndipo ikaja simu ya Daktari Octavian, kutoka hospitali moja ya Dar es Salaam ambako picha za mguu wake zilikuwa zimetumwa. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. "Tiba mpya... seli mama... ndani ya mfupa... uje wiki ijayo."

Lugha nyingi zimeipa seli hiyo jina la shina la mti, kwa kuwa ndiyo inayochipuza nyingine. Kiswahili nacho kina seli shina. Daktari alipenda lile la seli mama, na Beda alisikia alichosikia. Akampigia mama yake aliyeko Rudewa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mguu?"

"Wanataka seli zako."

"Seli ndiyo nini?"

"Vitu vya ndani ya mfupa. Vya mama."

Mama Costancia, binti wa mkata mkonge, hakuuliza kama inauma. Aliuliza aje lini. Tangu siku hiyo akawa anakunywa supu ya kongoro la ng'ombe asubuhi na jioni, "wasije wakafungua mfupa wakakuta patupu."

Mama na mwana walipanda treni ya umeme pale Kilosa. Mama alikuwa amevaa kitenge cha Krismasi, kama mtu anayekwenda kutoa mahari.

"Shikamoo mama," daktari alimwamkia walipofika hospitalini. "Umemsindikiza mwanao?"

"Marahaba, baba. Sikusindikiza. Nimekuja kuchotwa. Mifupa iko tayari."

Daktari alimtazama Beda, akamtazama mama, akaelewa. "Mama, hilo ni jina tu. Ni seli changa zinazoweza kuzaa nyingine, hata za mfupa. Tutazichota kwenye uboho wa mifupa ya Beda mwenyewe, hapa nyongani, tuziweke pale mfupa ulipoachana."

"Yaani supu yote ile nimekunywa bure?"

Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Nisamehe mama," Beda alisema, "mimi nili..."

"Nyamaza. Na hiyo nyonga wanayoichota, ilitengenezewa wapi?"

Daktari alicheka. Kisha akaacha utani. Tiba bado inajaribiwa, alisema; wapo iliowaunga mifupa, wapo iliowashinda. Beda aliitazama miguu yake miwili, akakubali.

Wakamchoma sindano nene nyongani, wakavuta uboho mwekundu. Mashine ikauzungusha mpaka seli zikajitenga. Wakazichanganya na chembechembe za mfupa, wakaujaza ule mwanya.

Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Siku hiyo hata Magreti hakutania. Ya pili ilionyesha ukungu mweupe kati ya ncha mbili za mfupa. Katika picha iliyofuata ukungu ule ulikuwa umegeuka daraja, na daktari akasema, "Weka chini gongo moja." Baadaye akasema aweke na la pili.

Mguu umefupika kidogo, anachechemea. Lakini masika ilipofika Beda aliwasha pawatila, akavua viatu, akaingia jarubani taratibu, tope baridi likamshika miguu yote miwili. Magreti akapiga vigelegele.

Rudewa nzima ilikwisha kuambiwa seli zilizomponya zilikuwa za nani, na Beda hajawahi kukanusha. Mwenye seli mwenyewe alikuwa amesimama juu ya tuta, kitenge amekipandisha, akimfokea mwanawe:

"Polepole na mguu wangu huo!"