Debe Lisiloitikiwa

Chini ya mlima wa Sagalla, pale mashamba yanapokutana na mbuga, ndovu hawafukuzwi na mtu mmoja. Tryphena alikuta mambo yakiwa hivyo alipoolewa huko. Aliyewaona kwanza alipiga debe, wa shamba la pili akaitikia kwa debe lake, wa tatu naye, mpaka kelele zikapanda mlimani hadi kanisani. Ndovu wakishageuka, watu walianza kutaniana kupitia ua.

"Obadiah, leo umepiga kama mtu ambaye hajala," Tryphena alimtania jirani yake.

"Nimekupigia na yako pia, Mama Sylus. Kesho nitakuja na sufuria nichukue mshahara."

Kisha watu wakaanza kuondoka. Mwandawiro, mume wa Tryphena, alifariki. Obadiah, jirani yule, alichoka kuvuna mabua akahamia kwa kaka yake huko Salaita. Wengine walishuka Voi mjini. Zikabaki nyumba zisizo na milango, na Tryphena katikati yake.

Msimu uliofuata ndovu walipokuja alipiga debe mpaka mkono ukafa ganzi. Akasimama kusikiliza. Hakuna aliyeitikia. Nadhani ndovu nao walisikiliza, kwa maana waliingia bila haraka wakala mahindi yote.

Mwanawe Sylus, fundi wa pikipiki anayeishi mtaa wa Kaloleni mjini Voi, alikuja na pikapu ya kuazima.

"Mama, panda twende. Chumba kipo, stima ipo."

"Na shamba?"

"Shamba lina wenyewe siku hizi. Hawajui hata kubisha hodi."

Tryphena alitazama kaburi la mumewe nyuma ya nyumba. Mwisho wakapatana: atalima msimu mmoja tu. Ndovu wakila tena, atahamia Kaloleni na hatabishana.

Wakati huo kikundi cha kina mama kanisani kilikuwa kimeletewa mizinga ya nyuki. Hutundikwa kwenye waya, nguzo hadi nguzo, kuzunguka shamba. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka, naye anakimbia, maana nyuki humwingia puani. Kina mama wengi waliiogopa. Tryphena aliichukua, akaacha mahindi yaliyowavuta ndovu kutoka mbali, akapanda pojo, ndengu zile ndogo za kijani.

Jioni moja akasikia matawi yakivunjika. Alikuwa ameambiwa atulie ndani. Lakini mikono yake ilikuwa na mazoea ya maisha mazima. Alinyakua debe, akakimbia hadi chini ya mizinga na kuanza kupiga. Nyuki wakamtokea yeye. Alirudi nyumbani akipapasa njia, macho yamefumbwa na uvimbe, huku ndovu wakizunguka na kula kona nzima ya pojo pale ambapo nyuki walikuwa bado wametulia.

Sylus alipomwona alishindwa kujizuia kucheka. "Mama, sasa umefanana na mjomba na mashavu yake."

"Cheka. Wamekula kona tu. Msimu haujaisha."

"Ungekuwa mjini ungekuwa na watu wa kuongea nao."

Tryphena alijua kwamba hapo mwanawe alisema kweli.

Kesho yake alimwomba Sylus patasi. Akalilaza debe, akalipasua katikati kwa urefu, akatia mawe madogo katika kila nusu na kumimina maji. Kiangazi kilikuwa kimeanza, na nyuki wakikosa maji huhama. Maji yenyewe huletwa kwa bodaboda, mtungi mmoja mmoja, na ya kuoga yeye huyapima kwa kikombe.

"Mama, hilo ni debe la baba," Sylus alisema.

"Debe la baba yako lilitaka majirani. Mimi sina."

Nimekaa kwenye mikutano mjini nikasikia watu walioshiba wakisema kwamba wananchi wa kule chini wameshazoea shida. Nalikataa neno hilo. Punda huzoea mzigo. Mwanamke huyu alijifunza upya, uzeeni, peke yake, kitu kigumu kuliko kupiga kelele: kukaa kimya huku anaogopa. Na waliomwacha ajifunze peke yake ni sisi sote.

Ndovu walirudi pojo ilipokauka, siku chache kabla ya kuvunwa. Kulikuwa kunapambazuka. Tryphena aliwaona kupitia dirisha, majike na watoto wao. Akaketi kwenye kigoda na kukalia viganja vyake. Waya ukalia. Mizinga ikaanza kuyumba upande mmoja, kisha mwingine, na mvumo wa nyuki ukajaa uwanjani. Jike wa mbele akatikisa kichwa, akapiga kelele, akageuka. Vumbi likawafuata hadi vichakani.

Hakuna hata jani la pojo lililoguswa.

Alitoka, akasimama karibu na ua wa Obadiah. Zamani huu ndio ulikuwa wakati wa utani.

"Obadiah," alisema, si kwa sauti kubwa, "leo umelala."

Alingoja kidogo, kisha akaenda kuwasha moto.

Baada ya mavuno Sylus alikuja na pikapu. Kitanda hakikupakiwa. Walipakia magunia ya pojo, Sylus akayafunga kwa kamba, kisha akamtazama mama yake.

"Njoo hata kwa wiki mbili tu. Upumzike."

"Na maji ya nyuki atatia nani?"

Sylus akakaza kamba mara ya mwisho. Akawasha gari. Tryphena alisikiliza mlio wake ukishuka, ukapotea kwenye barabara ya Voi. Akachukua mtungi, akajaza nusu zote mbili za debe, akavuta kigoda akaketi. Jua lilikuwa limeshapanda wakati nyuki wa kwanza alipotua juu ya jiwe na kunywa.

"Karibu," akamwambia.